Dawa za Kichina na kinga inayomgeuka mwenyewe: kinachotokea ndani ya seli

Maneno mawili yanauza dawa siku hizi kuliko mengine yote: "kinga" na "seli". Pita Kariakoo, au fungua kundi la WhatsApp la ukoo, utakutana na pakiti yenye herufi za Kichina ikisifiwa kwamba inaongeza kinga, inasafisha seli, na papo hapo inatibu baridi yabisi, lupus na soriasisi. Mgonjwa wa baridi yabisi anayesoma tangazo hilo ana haki ya kuchanganyikiwa. Hospitali wamemwambia kinga yake ndiyo inayomla viungo, wakampa dawa ya kuipunguza makali. Dukani anaambiwa kinga yake imeshuka, anauziwa ya kuipandisha. Haiwezekani wote wakawa sawa.

Tangazo haligusii kwamba ipo mizizi ya Kichina iliyopimwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi ikaonekana inasaidia kweli, na inasaidia kwa kuikandamiza kinga, kinyume kabisa cha maandishi ya kwenye pakiti. Tena inaikandamizia mahali pa ndani sana katika seli, na ndiyo maana ina sumu. Dawa na sumu hapo ni kitu kimoja, kwa njia moja. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Sungusungu waliogeuka

Tuanze na ugonjwa. Ichukulie kinga ya mwili kama sungusungu wa mtaa. Kazi yao ni kumjua mgeni mwenye nia mbaya (bakteria, virusi, minyoo), kupiga filimbi na kumkabili. Ili wasimpige mwenyeji, wanapewa mafunzo. Aina moja ya seli nyeupe za damu, seli T, hupitia kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua iitwayo thaimasi. Zile zinazoonyesha dalili ya kuushambulia mwili wenyewe huuawa humo humo kabla hazijatoka. Mchujo huo haujawahi kuwa kamili kwa mtu yeyote. Wachache hupenya.

Kwa hiyo mtaani kuna kundi jingine, seli T dhibiti, ambazo ni kama wazee wanaosema: huyu wa kwetu, mwacheni. Mjapani Shimon Sakaguchi alizionyesha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kazi hiyo. Wazee wakipungua, au wakizidiwa kelele na seli kali zinazoitwa Th17, sungusungu wanaanza kuvunja nyumba za wenyeji. Jina la ugonjwa linategemea nyumba iliyovamiwa. Ikiwa ni kongosho, ni kisukari cha aina ya kwanza. Ikiwa ni ngozi, soriasisi. Wakivamia mtaa mzima, figo, ngozi, viungo na damu, huitwa lupus. Wakivamia utando wa viungo, ndiyo baridi yabisi inayozungumzwa hapa.

Nasema "inayozungumzwa hapa" kwa sababu jina hilo mtaani limebeba mengi. Goti la mzee lililochakaa, dole gumba la mguu lililovimba usiku mmoja kwa jongo, mgongo wa dereva wa lori: vyote huitwa baridi yabisi, na havihusiani na kinga kugeuka. Ya kinga huanza mara nyingi kwenye vifundo vidogo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi vidole havikunjiki kwa saa nzima au zaidi. Aliyechakaa goti hukakamaa dakika chache tu, akitembea kidogo linalegea.

Hebu tuingie ndani ya kifundo kimoja cha kidole. Ndani yake kuna utando mwembamba sana, tabaka moja hadi tatu za seli, unaotoa ute wa kulainisha. Katika baridi yabisi utando huo unanenepa, unaota mishipa ya damu, unakuwa kama kinyama kinachotambaa juu ya gegedu na kulitafuna, kisha kinautoboa mfupa wa pembeni. Seli za kinyama hicho zina tabia mbaya mbili. Zinapiga filimbi bila kukoma, na zinakataa kufa. Filimbi zenyewe ni protini ndogo za kupeana habari, sitokini. Maarufu zaidi ni TNF na IL-6. Dawa nyingi za kisasa na ghali za ugonjwa huu hufanya jambo moja tu: kuziba filimbi mojawapo.

Upepo, baridi na unyevu

Kabla ya kwenda China, lisikilize jina letu wenyewe. "Baridi" na "yabisi", ubaridi na ukavu. Ni maneno ya tiba ya kale iliyofika pwani na Waarabu, tiba iliyopanga kila ugonjwa na kila chakula kwa joto, baridi, umajimaji na ukavu. Wachina nao, katika Huangdi Neijing, kitabu chao cha msingi chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, wana ugonjwa waitwao bi, maana yake kuziba, na sababu zake ni upepo, baridi na unyevu vinapoingia mwilini kwa pamoja. Tabibu wa Lamu na tabibu wa Sichuan wangekaa kibarazani wakaelewana haraka, isipokuwa kwenye ukavu na unyevu, ambapo wangebishana.

Lakini bi si tafsiri ya baridi yabisi ya hospitalini. Ni kapu. Humo mna magoti yaliyochakaa, jongo, maumivu ya misuli, na baridi yabisi ya kinga pia. Tabibu wa Kichina hagawi dawa kwa jina la ugonjwa. Anagawa kwa hali anayoiona kwenye ulimi, mapigo ya mkono na malalamiko, kwa hiyo wagonjwa wawili wenye vipimo sawa vya damu wanaweza kutoka na mafurushi tofauti. Ukisikia dawa fulani "imetibu bi kwa asilimia 90", uliza kwanza ndani ya kapu hilo kulikuwa na nini.

Ndipo tunapofika kwenye kosa la tafsiri lililozaa tangazo la dukani. Tiba ya Kichina ina dhana ya zheng qi, nguvu nyofu ya mwili inayopambana na uovu wa nje, na dawa za "kuisimamisha". Wauzaji wameitafsiri kuwa "kuongeza kinga". Dhana hiyo ilitungwa karne nyingi kabla hajatokea mtu wa kuiona seli nyeupe kwa darubini, haikuwa inahesabu seli T. Kwa mgonjwa wa lupus, kuongezewa sungusungu ni jambo la mwisho analolihitaji.

Mtambaa wa mungu wa radi

Mmea uliopimwa kuliko yote katika habari hii unaitwa leigongteng, yaani mtambaa wa mungu wa radi. Kwa Kilatini ni Tripterygium wilfordii. Unaota kusini mwa China, na wakulima waliutumia kuulia wadudu shambani kabla haujawa maarufu kama dawa. Majani, machipukizi na maua yake ni sumu. Asali ya nyuki waliolisha maua hayo imeshaua watu. Sehemu inayotumika ni mti wa ndani wa mzizi, baada ya kuubandua maganda yake yote, kwa kuwa maganda yana sumu nyingi zaidi. Hapo tayari unaona tatizo: mbanduaji akifanya haraka, dozi ileile kwa mizani inakuwa dozi nyingine kwa sumu.

Kiini chake kikuu, triptolidi, kilitengwa mwaka 1972 na kundi la S. Morris Kupchan huko Marekani, waliokuwa wakitafuta dawa ya saratani ya damu. Namna kinavyofanya kazi ilieleweka vizuri mwaka 2011, na inaelezeka kwa hoteli.

Fikiria hoteli yenye kitabu kimoja cha mapishi, kimefungiwa ofisini. Hicho ni DNA. Mpishi haruhusiwi kukitoa. Oda ikija, mhudumu mmoja anafungua ukurasa, mwingine ananakili mapishi kwenye kikaratasi, kikaratasi kinakwenda jikoni, chakula kinapikwa. Chakula ni protini, zikiwemo zile filimbi. Sasa, mfungua ukurasa katika seli ni protini iitwayo XPB. Triptolidi inamng'ang'ania mfungua ukurasa huyo na haimwachii. Kurasa hazifunguki, vikaratasi havitoki.

Kwa nini basi seli zote hazifi siku hiyo hiyo? Kwa sababu vikaratasi havidumu sawa. Vya sitokini, na vya protini zinazoizuia seli isife, ni vya muda mfupi, vinachakaa kwa dakika au saa chache. Kwa hiyo unapopunguza unakili kidogo, vinavyokatika kwanza ni hivyo. Filimbi zinanyamaza. Seli za kile kinyama cha kwenye kifundo, zilizokuwa zikikataa kufa, zinapoteza ngao yao na kuingia katika kufa kwa mpango, ambako seli hujifunga na kujivunja yenyewe bila kuchafua jirani. Huo ndio uponyaji.

Ila XPB yumo katika kila seli ya mwili, na triptolidi haijui kifundo wala korodani. Seli zinazogawanyika kwa kasi hutegemea vikaratasi vipya kila saa: za uboho wa mifupa, za utumbo, za kutengeneza mbegu za kiume. Ndiyo maana orodha ya madhara ya leigongteng ni kuhara na kichefuchefu, seli nyeupe kushuka, ini na figo kuumia, hedhi kukatika kwa wanawake, na mbegu za kiume kupungua. Mbegu zilipungua kiasi kwamba katika miaka ya 1980 watafiti wa China waliufikiria mmea huu kama njia ya uzazi wa mpango ya wanaume. Kwa mwanamke, kadiri alivyokaribia umri wa kukoma hedhi ndivyo uwezekano wa hedhi kutorudi unavyoongezeka. Na huwezi kuyaondoa madhara ukabaki na dawa, maana mshikaji ni mmoja.

Namba zinasemaje

Mwaka 2009 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa 121 wa baridi yabisi. Nusu walipewa miligramu 60 za dondoo la mzizi huo mara tatu kwa siku, nusu nyingine gramu 1 ya sulfasalazini, dawa ya hospitali ya ugonjwa huo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 24. Miongoni mwa waliofika mwisho, asilimia 65 ya wa mzizi walipata nafuu ya kiwango cha chini kinachokubalika, wakati wa sulfasalazini walikuwa asilimia 33. Neno la kuangalia ni "waliofika mwisho". Upande wa mzizi walifika asilimia 62 tu, upande wa pili 41. Wengine wote waliacha njiani. Namba inayohesabu waliobaki peke yao huipendelea dawa, kwa sababu aliyeshindwa nayo keshatoka mlangoni.

Jaribio la pili, la China, lilichapishwa mwaka 2014: wagonjwa 207, makundi matatu ya watu 69. Kundi la kwanza walipewa methotreksati, dawa ya hospitali ya baridi yabisi, la pili leigongteng miligramu 20 mara tatu kwa siku, la tatu zote mbili. Kipimo kilikuwa kigumu zaidi, kupungua kwa dalili kwa nusu baada ya wiki 24. Wa methotreksati walifikia watu 32 kati ya 69, wa mzizi 38, wa mchanganyiko 53. Ni matokeo mazuri, sina sababu ya kuyabeza. Ila wagonjwa na madaktari walijua nani anameza nini, na methotreksati iliwekwa miligramu 12.5 kwa wiki, wakati kliniki nyingi hupanda hadi 20 au 25 kabla ya kusema imeshindwa. Ni sawa na kushindanisha mabasi mawili huku moja limefungiwa gia ya tatu.

Halafu linganisha dozi hizo. Marekani miligramu 180 kwa siku, China 60. Je, Wamarekani walimeza mara tatu zaidi? Hapana. Ni madondoo mawili yaliyotengenezwa kwa njia tofauti. Miligramu inayoandikwa kwenye pakiti ni uzito wa dondoo zima, si wa triptolidi, ambayo humo ni chembe tu. Hata vidonge vya jina moja kutoka viwanda viwili vya China vimepimwa vikakutwa na kiasi tofauti sana cha kiini. Kwa hiyo shauri la "meza viwili kama alivyomeza shemeji" halina maana yoyote mpaka ujue kiwanda.

Mizizi mingine iko hatua za chini zaidi. Mpeoni mweupe, baishao, hutolewa glukosidi zilizosajiliwa China mwaka 1998 kwa baridi yabisi. Ni mpole, shida yake kubwa ni kuharisha, na nguvu yake nayo ni ya upole hivyo hivyo. Sinomenini ya mtambaa wa qingfengteng hutuliza maumivu, lakini huzifungua seli zinazohifadhi histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, basi mgonjwa anawashwa na kuiva uso. Muuzaji akikwambia huko kuwashwa ni "sumu inatoka", ni histamini tu.

Moto mrefu, bila moto

Watu huuliza: kama ni mzizi, kwa nini usichemshwe tu nyumbani? Kwa sababu moto ni sehemu ya dozi. Leigongteng huchemshwa peke yake kwanza saa moja hadi mbili, ili sumu yake ipungue, ndipo mizizi mingine itiwe. Aliyeuchemsha dakika kumi kama chai ya tangawizi amekunywa dawa nyingine.

Mmea mwingine wa China, tunaoujua sana Afrika Mashariki bila kuutambua, unataka kinyume chake. Huo ni qinghao, Artemisia annua, mama wa artemisinini iliyomo kwenye ALu, dawa ya malaria. Tabibu Ge Hong wa karne ya nne aliandika kwamba kwa homa za vipindi uchukue konzi moja ya qinghao, uloweke kwenye maji, uukamue, unywe maji yake. Hakutaja moto. Mwaka 1971 Tu Youyou, aliyekuwa akihangaika na madondoo yasiyofanya kazi, alilitilia maanani hilo la kutotaja moto, akatoa kiini kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Hapo dawa ikapatikana, na mwaka 2015 Nobeli ikafuata. Joto lilikuwa linakiharibu kiini.

Dawa zinazotokana na artemisinini zinajaribiwa pia China kwa wagonjwa wa lupus, na hilo si ajabu, maana dawa ya msingi ya lupus duniani, haidroksiklorokwini, ilianza kama dawa ya malaria. Lakini mtu mwenye lupus asianze kumeza ALu ya dukani. Dozi na muda havijathibitishwa, na vimelea vinavyoanza kuistahimili artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Kumeza nusu dozi ovyo ni kuvifundisha.

Jina moja, mimea miwili

Kisa cha Ubelgiji ni cha kukaririwa na kila anayenunua mitishamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels iliagiza mzizi wa fang ji, ambao tiba ya Kichina huutumia pia kwa uvimbe na maumivu ya viungo. Kuna fang ji wa aina mbili. Wa kwanza ni Stephania tetrandra. Wa pili ni Aristolochia fangchi. Majina yanafanana, vipande vilivyokaushwa vinafanana, na gunia lililofika lilikuwa na huo wa pili. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibikiwa figo, wengine hadi kuhitaji kupandikizwa, na miaka baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Asidi ya aristoloki inagandamana na DNA ya seli za mirija ya figo na kuacha alama za kudumu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza, pamoja na tumbaku. China yenyewe iliuondoa huo Aristolochia fangchi katika orodha ya dawa zake mwaka 2004. Hakuna aliyekuwa tapeli katika kisa hicho. Ilikuwa ni jina tu.

Utapeli una sura nyingine. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walipima krimu 11 za "mitishamba ya Kichina" za ngozi. 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi ya hospitalini, yaani dawa ya kuituliza kinga haraka. Vidonge vya viungo navyo vimekutwa hivyo hivyo, katika nchi nyingi. Dalili yake unaweza kuiona mwenyewe bila maabara. Dawa inayobadilisha mwenendo wa kinga, iwe ya mizizi au ya kiwandani, huchukua wiki hadi miezi. Ukimeza kidonge cha "asili" Jumatatu na Jumatano ukaamka vidole vinakunjika kama vya mtoto, njaa inakushika, na baada ya mwezi uso umekuwa wa mviringo na sukari imepanda, kuna uwezekano mkubwa unameza steroidi.

Na hapo usiziache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza steroidi yako ya asili. Ukiletewa ya nje kwa wiki kadhaa, zinalala. Ukikata siku moja, mwili unabaki mtupu: shinikizo linaporomoka, kutapika, hata kifo. Nenda hospitali na pakiti mkononi, wakuteremshe kidogo kidogo.

"Inaamsha seli zako kujisafisha"

Tangazo jipya zaidi limejifunza neno autofaji. Ni neno la kweli. Seli huzungushia uzio takataka zake, protini zilizokunjamana na vijisehemu vilivyokufa, na kuzimeng'enya ili itumie tena malighafi. Yoshinori Ohsumi alipata Nobeli mwaka 2016 kwa kuonyesha jeni zinazoendesha kazi hiyo kwenye hamira.

Ila "kuamsha autofaji" si jambo jema moja kwa moja. Takataka zikirundikana, baadhi huwachokoza sungusungu, kama inavyodhaniwa katika lupus. Hapo kusafisha kunasaidia. Lakini zile seli kaidi za kifundo nazo huitumia autofaji kujipatia chakula na kukataa kufa. Haidroksiklorokwini, inayotuliza lupus kila siku kwa maelfu ya wagonjwa, hujikusanya kwenye vifuko vya kumeng'enyea na kuvipunguzia asidi, yaani inaikwamisha autofaji. Anayekuuzia kitu kwa neno hilo, muulize: autofaji ya seli ipi?

Tafiti nyingi za namna hiyo zinaishia kwenye sahani ya kioo. Manjano ni mfano tunaouweza kuupima jikoni. Kwenye sahani, kurkumini ya manjano hunyamazisha karibu kila filimbi. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ndani yake ni takriban asilimia 3, yaani miligramu 90. Mtu akimeza gramu 2 za kurkumini safi, sawa na vijiko 22, kipimo cha damu huiona kidogo mno au hakiioni kabisa, kwa kuwa utumbo na ini huiondoa. Pilau liendelee kupikwa. Kifundo kinahitaji kingine.

Ukiamua kutumia

Wapo watakaoutumia hata baada ya kusoma yote haya, na pengine wana sababu. Dawa za hospitali nazo si pipi. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, na walioimeza kila siku kwa kukosea wamekufa. Tofauti ni kwamba yake imeandikwa, inapimwa, na daktari anajua aangalie nini. Basi upe mzizi heshima hiyo hiyo. Kabla ya kuanza, pima picha kamili ya damu, ini na figo, kisha rudia baada ya wiki mbili hadi nne na uendelee hivyo miezi mitatu ya mwanzo. Seli nyeupe zikishuka au kimeng'enya cha ini kikipanda, unaacha, hata kama vidole vinakunjika vizuri. Homa, vidonda mdomoni, mkojo kupungua au macho kuwa ya njano havisubiri tarehe ya kliniki. Anayetaka kupata mtoto, mke au mume, asiuguse leigongteng, na azungumze na daktari kuhusu methotreksati pia.

Mwangalie na mlegevu anayedharauliwa: gancao, mzizi mtamu, unaotiwa katika mafurushi mengi ya Kichina kuyapatanisha mengine. Unazuia kimeng'enya cha figo kinachoizima kotisoli, ile steroidi ya asili ya mwili, basi mwili unashikilia chumvi na kupoteza potasiamu. Aliye na shinikizo la damu, au anayemeza steroidi kama prednisoloni au vidonge vya kukojosha, anaweza kujikuta misuli imelegea na moyo unaruka mapigo kwa sababu ya kitu kilichowekwa kwa ajili ya utamu.

Daktari hatakuuliza kwa Kichina, na jina la mbele ya pakiti kwa kawaida ni la kibiashara, "tiba ya viungo" au mfano wake. Geuza nyuma, kwenye orodha ya vilivyomo, utafute herufi: 雷公藤 ni leigongteng, 甘草 ni gancao, 防己 ni fang ji, na 马兜铃 ni ukoo wa Aristolochia. Piga picha upande huo, si wa mbele, uende nayo kwa mfamasia.